Taja Mito Mitatu

Kitabu cha darasa la nne, ukurasa wa thelathini na mbili:
Taja mito mitatu iliyo karibu nawe.
Darasa kimya.
Kisiwa chetu hakina hata mmoja,
na mtihani haukuacha nafasi ya kuandika "hakuna".

Komora peke yake aliinua mkono,
Komora aliyehamia Shela kutoka Garsen muhula uliopita.
Akauchora Tana toka ukingo hadi ukingo wa ubao,
na mamba, na mgomba ulioanguka,
na paa la nyumba ya shangazi yake likielea.
"Mto hula," akasema, akarudi kukaa.
Chaki ilikuwa imemwishia.

Mwanahalima akauliza: "Basi sisi twanywa nini?"
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Miaka kumi na moja nafundisha, sijaulizwa hilo.

Alhamisi nikawatoa, thelathini na wanane,
viatu mkononi, kamba yenye mafundo, jiwe, chupa tatu,
tukapanda vilima vya mchanga nyuma ya nyumba,
vyeupe kama unga uliomwagwa na mtu asiyejua bei.

Kaeni, nikasema. Chimbeni.
Juu, mchanga unachoma.
Kiganja kimoja chini, umepoa.
Hadi kiwikoni, umelowa.
Twalib akachomoa mkono, akaunusa.
"Mvua," akasema.
Ya lini?
Ya masika yaliyopita. Au ya mwaka aliozaliwa babako.
Huzama polepole, haina miadi na mtu,
mpaka iyakute maji ya chumvi huko chini,
na kwa kuwa ni nyepesi, hulala juu yake
kama mafuta juu ya mchuzi.
Hilo ndilo ziwa letu, watoto. Tumelikalia.

Lali akasimama ghafla, akajipangusa nyuma,
asije akalichafua.

Kisima cha kwanza: mafundo tisa hadi majini.
Mwenyewe, Bi Mwanakheri, asema alipoolewa yalikuwa saba.
Tukaonja. Daftarini wakaandika: tamu.
Kisima cha pili: tamu kidogo.
Cha tatu, karibu na ile nyumba mpya ya wageni
yenye kidimbwi cha buluu na pampu isiyolala,
Shufaa aliandika: kama ukilia na mdomo wazi.

Ukinyonya sana juu, nikawaambia, chumvi hupanda.
Nilitaka kuendelea.
Swaleh alikuwa ameinama, anafuta lisilofutika.
Babake ndiye aliyemimina zege pale,
na zege lile ndilo lililonunua daftari
analoandikia hivi sasa maji yanaharibika.
Nikasema: haya, tushuke, jua kali.
Bado sijui kama nilifundisha au nilikimbia.

Kazi ya nyumbani: chungulia birika la kwenu.
Vijisamaki vingapi? Wala nini?
Majibu yakaja yamelowa pembeni.
"Wanne. Wala viluwiluwi vya mbu."
"Saba, na mmoja mzee. Nyanya akataza kuwahesabu."
"Hatuna birika, tuna mfereji. Hauna samaki wala maji."

Mwisho wa muhula, swali likarudi vilevile:
Taja mto ulio karibu nawe.
Mwanahalima aliandika: Wetu hautembei. Uko chini ya miguu.
Msahihishaji, mtu wa mbali, akapiga mkasi mwekundu.
Sikuufuta. Nilichora tu kando yake,
kwa penseli, kisima kidogo.

Siku ya kufunga shule Komora akasimama juu ya dawati.
"Kitendawili!"
"Tega!"
"Namkanyaga kichwani, naye ananinywesha."

Walijua. Wote thelathini na saba walijua,
kucha zao bado zina mchanga wa Alhamisi ile.
Lakini Lali akatazama huku na huku,
akajikuna sikio, akasema hawezi,
na darasa zima likaitikia, hatuwezi, hatuwezi.

"Basi nipeni mji."

Hawakumpa Mombasa.
Hawakumrudisha Garsen.
"Twakupa Shela," wakasema,
naye akashuka dawatini polepole,
akiangalia pa kukanyaga.